Jina Kwenye Kadi ya Baba

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu, na kwamba kile kikohozi kilichokuwa kinakukatiza maneno tulipozungumza mara ya mwisho kimeshakuachia. Sisi huku tupo. Baba anakula, analala, anagombana na redio kama kawaida yake. Mimi naendelea na mafriji yangu. Joto la mwaka huu limekuwa baya kwa watu na zuri kwangu, maana kila nyumba ninayoingia kuna kitu kimeacha kugandisha.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu yetu ya mwisho ilikatika kwa hasira, yako na yangu, na kila nikitaka kupiga tena naona tutaanzia pale pale. Halafu kuna maneno siwezi kuyasema kwa sauti Baba akiwa chumba cha pili. Kwenye karatasi angalau huwezi kunikatiza. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujampigia mtu yeyote.

Nianze na paa, maana mambo yote yalianzia huko. Unakumbuka lile bati la juu ya stoo lililokuwa linavuja. Baba alimwita fundi wa paa, yule mrefu ambaye nadhani ngazi anabeba kwa heshima tu. Wakaelewana, fundi akafanya kazi safi, na Baba akamlipa kwa hundi. Unamjua Baba na hundi zake. Watu wote wamehamia kwenye simu, yeye bado anatoa kitabu cha hundi mfukoni kama anayetoa bastola. Siku chache baadaye fundi akarudi amekunja uso. Benki imeikataa hundi, saini hailingani na ile waliyonayo.

Dada, Baba alifoka mpaka jirani akachungulia ukutani. Alisema ameishi mpaka ameitwa mwizi wa jina lake mwenyewe. Nikamlipa fundi kutoka mfukoni mwangu ili apoe, nikampeleka Baba benki. Kwenye dirisha la malalamiko tulimkuta karani mmoja, dada mwenye miwani mikubwa na subira kubwa kuliko miwani. Akatugeuzia kompyuta tuone. Saini ya zamani ilikaa juu ya mstari, imenyooka kama askari kwenye gwaride. Ile ya kwenye hundi ilianza juu ya mstari, ikateremka, ikaenda kuishia chini kwenye namba. Baba alisema kalamu ilikuwa mbovu. Mimi nikasema anazeeka, mkono umechoka. Tukacheka wote watatu.

Kisha karani akaacha kucheka. Akauliza kama mzee amekuwa akitoa pesa nyingi kwa kadi siku za karibuni. Baba akasema hapana. Karani akatuonyesha. Pesa zilikuwa zimetolewa kwenye mashine za mitaa ambayo Baba hajakanyaga tangu astaafu, mara moja, mara nyingine, mara nyingine tena, mpaka akaunti ikabaki maganda. Sehemu kubwa ya ile ni pesa uliyokuwa unamtumia wewe, najua, ndiyo maana iliuma hivyo. Karani akaifungia kadi pale pale kwenye kompyuta. Baba hakuwa nayo mfukoni, kwa hiyo akatuambia tuilete baadaye tupewe nyingine. Basi hapo ndipo tulipokuwa: hundi aliyoandika mwenye pesa imekataliwa, na mwizi amefunguliwa mlango, akahudumiwa, na mashine ikamshukuru.

Jioni ile nilikupigia. Uliniuliza ni nani mwingine anayejua namba ya siri ya Baba. Jibu tulikuwa nalo wote wawili. Baba mwenyewe aliwahi kutuambia kwamba Sajini ndiye anayemsindikiza kwenye mashine na kumbonyezea, kwa sababu vidole vyake vinatetemeka. Sajini, ambaye tangu Mama afariki ndiye anayempikia, anayemfulia na anayemwamuru avue viatu mlangoni, na ndiyo maana akapewa cheo hicho. Ulisema atoke kesho yake. Sikulaumu kwa kuuliza, mtu yeyote angeuliza. Kosa letu ni kwamba tuliuliza swali na hapo hapo tukaligeuza jibu.

Nilimkuta jikoni anachambua mchele. Nikamwambia tumeona ni vizuri apumzike mpaka benki wamalize uchunguzi wao. Akaniuliza kama ninamaanisha kupumzika au kufukuzwa. Nikautazama ule mchele. Akaniuliza tena, mzee anajua? Baba alikuwa sebuleni, mlango uko wazi, redio imezimwa, anasikia kila neno. Sajini akasubiri akitazama upande wa sebule, si upande wangu. Sebuleni kimya. Basi akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kiti. Neno lake la mwisho lilikuwa kwamba dawa ya Baba ya presha iko rafu ya chini, ile yenye mpira umezungushwa kwenye kifuniko, nisije nikaichanganya na ile nyingine. Akaondoka kwa mlango wa nyuma.

Nilipoingia sebuleni Baba aliniambia, “Yule mama si mwizi.”

Nikamuuliza amejuaje. Akasema amechoka, anakwenda kujinyoosha.

Wiki ile nilikuwa nalala kwake. Chai yangu hainyweki, hilo nalijua, lakini Baba hakulalamika hata mara moja, na hapo ndipo nilipoanza kuwa na wasiwasi. Alikuwa anakaa kwenye kiti chake bila kuinuka. Mara mbili alikanyaga viatu vyangu nilivyoviacha ukumbini. Nikadhani ni huzuni.

Ile siku ya kupeleka kadi, niliitoa kwenye droo yake nikaitia mfukoni bila kuitazama. Kadi ni kadi, rangi ni ile ile, nembo ya benki ni ile ile. Nikampa yule karani wa miwani. Akaanza kujaza mambo yake, akaigeuza, akaacha kuandika. Akaniuliza kwa sauti ya chini, “Kaka, hii kadi ni ya nani?”

Nikamwambia ya baba yangu. Akaisukuma kwangu chini ya kioo. Juu yake palikuwa na jina la mwanamke. Si jina la Mama, si lako, si la Sajini. Mwanamke ambaye sijapata kumsikia.

Karani akaniambia nivute kiti. Alisema ameona mambo haya mpaka anaweza kuyasimulia akiwa amelala. Mtu anasimama karibu na mashine, amevaa vizuri, ana adabu. Anasubiri mzee, au mtu mwenye haraka, au anayeonekana kubabaika. Anamwambia mashine imekwama, bonyeza tena namba yako, anaitazama ikibonyezwa. Anaichomoa kadi kwa msaada, anairudisha kwa msaada, lakini inayorudi siyo iliyoingia. Ni ya mtu mwingine aliyeibiwa kabla, ya benki hiyo hiyo, rangi hiyo hiyo. Mwenyewe anaiweka mfukoni anaenda zake anashukuru. Yule mwanamke aliyeandikwa pale, karani alimtafuta kwenye kompyuta. Ni mkunga mstaafu. Kadi yake ilikwisha fungiwa siku nyingi. Alidanganywa vile vile.

Nilimuuliza, basi mtu angejilinda vipi? Akasema hakuna uchawi. Mashine ikikwama, usikubali mkono wa mgeni hata awe na sura ya malaika. Funika namba kwa kiganja, kadi ikitoka soma jina lako kabla hujaondoka, na ukiona siyo yako piga simu benki hapo hapo ulipo. Akaniambia hata hundi, wengi wanaacha nafasi mbele ya tarakimu na mtu anajiongezea sifuri, kwa hiyo mstari upigwe mpaka mwisho. Halafu akaniuliza swali ambalo lilinikaa kifuani njia nzima. Akasema kila pesa inapotolewa, simu ya mteja inapata ujumbe. Baba yako hakusoma hata mmoja?

Nilipofika nyumbani niliichukua simu ya Baba pale mezani. Jumbe za benki zilikuwa zimepangana moja chini ya nyingine, hakuna hata moja iliyofunguliwa.

Dada, sasa naingia pale ambapo nimekuwa nikipazunguka.

Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Karani alikuwa ametoa kopi ya ile kadi na kunirudishia yenyewe, imekatwa pembe, niipeleke polisi. Nikamwekea Baba mkononi. Nikamwomba anisomee jina lililoandikwa pale. Sikuwa namtega, naapa. Nilitaka ashtuke mwenyewe kama nilivyoshtuka mimi, halafu tumlaani yule mwizi pamoja.

Akaipokea. Akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, kama alivyokuwa akifanya na ramani zake. Kisha akasoma. Alisoma jina lake, la babu, na la ukoo. Yote matatu, kwa sauti ile ya ofisini, bila kukwama. Akanirudishia kadi.

Huyu ni Baba yetu, mpima ardhi, aliyekuwa akisimama ng'ambo ya barabara na kumwambia fundi ukuta wako umelala kushoto, fundi anaweka kamba na kweli umelala kushoto. Nikakaa chini kwenye sakafu mbele yake, kama tulipokuwa wadogo. Nikamwambia, “Baba, hapa pameandikwa jina la mwanamke.”

Halafu akaniuliza kama mlango wa mbele umefungwa. Nikaenda nikaufunga. Ndipo akaniambia.

Jicho la kulia halioni kitu, na si la jana wala juzi. Lilianza kufifia pembeni, akadhani ni miwani, akabadilisha miwani. Likaendelea. La kushoto linaona kama mtu anayetazama kupitia kioo cha bafuni chenye mvuke: anajua kuna mtu, hajui ni nani mpaka aseme. Anazijua njia za nyumba kwa miguu. Anatujua mimi na wewe kwa sauti. Aliyekuwa akimsomea barua, akimwandikia majina ya dawa na kumfungia mpira kwenye kifuniko ili aitambue kwa vidole, ni Sajini. Aliyekuwa akimwekea kidole chake kwenye mstari ili atie saini ni Sajini. Siku ya fundi wa paa Baba aliona haya kumwita mbele ya mgeni, akasaini kwa kukisia. Na ile siku ya mashine, Sajini alikuwa amempeleka mwanawe kliniki. Baba akaenda peke yake kwa sababu alitaka, kwa maneno yake, kuwa mwanaume kwa asubuhi moja. Kijana mwenye adabu akamsaidia. Alimwambia mashine imeishiwa, arudi siku nyingine. Baba akamshukuru. Alimwombea na baraka.

Zile jumbe za benki? Alizisikia zikilia. Sajini aliuliza amsomee, Baba akamwambia ni matangazo tu, aachane nayo.

Nilimuuliza kwa nini hakutuambia. Unalijua jibu, dada, na nadhani mimi pia nalijua. Tulipomaliza matanga ya Mama, tulikaa sebuleni pale pale, wewe ukasema siku Baba akishindwa kujiendesha atahamia kwako na nyumba tutaiuza, na mimi nikatikisa kichwa kukubali. Tuliongea kama vile yeye ni meza. Alikuwa anasikia. Tangu siku ile kila kilichoharibika mwilini mwake alikificha. Akamwapisha Sajini asitamke kwa mtu, hasa sisi.

Sasa fikiria jikoni, siku ile niliyomfukuza. Yule mama alikuwa na maneno machache tu ya kujisafisha. Angesema, mzee haoni, aliyemwibia ni mtu mwingine, mwulizeni. Aliuliza kama Baba anajua, akasubiri. Alikuwa anamsubiri Baba amfungue kiapo. Baba hakumfungua. Na yeye akatoka kwa mlango wa nyuma akiitwa mwizi, mdomo umefungwa.

Nilimuuliza Baba aliwezaje kukaa pale kimya. Hakujitetea. Alisema alijiambia kwamba tutamrudisha kesho yake benki wakigundua. Kisha akasema, “Nililinda jicho bovu, nikatoa jina la mtu mzima.” Halafu akalia, dada. Machozi yalitoka macho yote mawili, hata lile lililokufa. Sijamwona Baba akilia hata kwenye msiba wa Mama. Mimi nilichoweza kufanya ni kumshika goti.

Kesho yake asubuhi alioga, akavaa suti ya mazishi na harusi, akasema nimpeleke kwa Sajini. Nilimwambia nitakwenda mimi. Akasema aliyenyamaza si mimi. Tukaenda. Kwa mara ya kwanza aliniruhusu nimshike mkono barabarani, waziwazi, na watu wa mtaani wakatuona.

Sajini anaishi chumba kimoja chenye pazia katikati, na alikuwa anafua uani pamoja na wapangaji wenzake wawili. Habari ya wizi ilikuwa imeshawafikia, nililiona hilo kwa jinsi walivyotusalimia. Akataka kutukaribisha ndani. Baba akakataa, akasema atasemea pale pale nje, mbele ya hao hao. Akasema kwa sauti kwamba yeye ni kipofu wa jicho moja na nusu, kwamba ameibiwa na mtu wa mashine kwa sababu hakutaka ijulikane, na kwamba huyu mama alikuwa akimtunzia siri na yeye akamlipa kwa kumwacha achafuliwe. Akamwomba msamaha. Na mimi nikaomba wangu.

Sajini alikausha mikono kwa nguo yake. Alisema amemsamehe mzee tangu zamani, maana alijua hofu yake. Kwangu alisema nilipaswa kumtazama usoni siku ile, na sikumtazama. Ni kweli. Nikamwomba arudi kazini. Akasema atarudi, lakini kuna mmoja hajamsikia. Alisema mimi nilibeba tu maneno, na mwenye maneno ana simu. Hakusema kwa ubaya. Kisha akamuuliza Baba kama anakunywa dawa zake, Baba akasema ndiyo, akamwambia mwongo. Akamtazama miguuni, akaona soksi moja ina rangi tofauti na nyingine. Wakacheka, mimi nikageuka kutazama nguo kwenye kamba.

Kuhusu benki, tumeandikisha polisi. Picha za kamera zinaonyesha kofia na kidevu, basi. Benki wanasema watarudisha sehemu, nyingine wanajadili, kwa sababu namba ilibonyezwa na mwenyewe. Usiitegemee sana. Kadi mpya ina kikomo kidogo kwa siku, na ujumbe wa kila pesa inayotoka sasa unakuja kwangu pia na utakuja kwako ukikubali. Hundi Baba ameziacha. Karani alimwambia anaweza kutumia dole gumba, akajibu kwamba dole gumba aliliacha darasa la kwanza, lakini mwisho akaliweka. Na wewe, mtu wa famasi mwenye akili zako, acha kuipiga picha kadi yako na kumtumia shemeji kwenye simu kila anapokwenda dukani. Nimemsimulia karani hilo, akafumba macho.

La mwisho ni hili. Nilimpeleka hospitali ya macho. Wewe utayaelewa maneno yao kuliko mimi: ni presha ya macho, imekaa muda mrefu. La kulia limekwisha, hakuna wa kulirudisha. La kushoto wamempa matone na watamfanyia upasuaji mdogo ili lisiendelee kushuka haraka. Daktari hakuahidi. Nilipomvuta pembeni alisema kilichobaki kinaweza kudumu, au kinaweza kwenda bila kupiga hodi.

Nilimuuliza Baba kama nikwambie. Alikataa, nikamwahidi kunyamaza. Nimeivunja ahadi hiyo, na naona katika nyumba hii ahadi za namna hiyo zimeshatugharimu vya kutosha. Usije na mpango wa kuuza nyumba wala wa kumhamisha. Anaijua kila ngazi hapa, na huko kwako atakuwa mgeni gizani. Njoo tu na wapwa zangu. Mchana kwenye mwanga, mtu akikaa karibu sana naye upande wa kushoto, bado anauona uso. Nimemuuliza. Anasema wako ameshaanza kuusahau ulivyo sasa, anakumbuka ule wa shuleni.

Namba ya Sajini nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Mpigie kwanza yeye, kabla ya Baba.

Msalimie shemeji, mwambie lile friji lake asilisukume ukutani, linahitaji kupumua. Wabusu wapwa zangu. Baba anakusalimu, ingawa hajui kwamba ninakuandikia.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Baridi